Manx Grand Prix

Manx Grand Prix ni mashindano ya mbio za pikipiki yanayofanyika kila mwaka katika Kisiwa cha Man, katika Bahari ya Ireland, kwenye barabara za kawaida ambazo hufungwa kwa muda. Yalianzishwa mwaka 1923 kwa ajili ya waendeshaji wa ridhaa, yaani watu wanaoshindana kwa kupenda mchezo, si kwa kuajiriwa na viwanda vya pikipiki. Mbio hizo hutumia njia ileile ya mashindano mashuhuri zaidi ya Tourist Trophy (TT), na kwa miaka 100 zimekuwa mlango ambao waendeshaji wa vilabu wameingilia katika mbio za barabarani.

Mashindano huandaliwa mwezi Agosti. Klabu iliyoyaanzisha ni Manx Motor Cycle Club, iliyoundwa kisiwani mwaka 1912. Neno "Manx" humaanisha kitu cha Kisiwa cha Man, watu wake au lugha yake ya asili.

Kisiwa na sheria yake ya barabara

Kisiwa cha Man kiko kati ya Uingereza na Ireland. Kina eneo la kilomita za mraba 572 na wakazi takriban 84,000. Kiko chini ya Taji la Uingereza lakini si sehemu ya Ufalme wa Muungano. Kina bunge lake, Tynwald, na hujitungia sheria zake za ndani.

Uhuru huo wa kutunga sheria ndio chanzo cha mbio zote za kisiwani. Mwanzoni mwa karne ya 20 sheria ya Uingereza ilikataza magari kwenda zaidi ya maili 20 kwa saa (km 32), na haikuruhusu barabara za umma kufungwa kwa ajili ya mashindano. Waandaaji wa mbio za magari walihamia Kisiwa cha Man, ambako mwaka 1904 Tynwald ilipitisha sheria ya kuruhusu barabara zifungwe kwa mbio. Pikipiki zilifuata. Mashindano ya kwanza ya TT yalifanyika tarehe 28 Mei 1907 kwenye njia fupi ya St John's. Charlie Collier alishinda daraja la injini za silinda moja kwa pikipiki ya Matchless, na Rem Fowler alishinda daraja la silinda mbili kwa pikipiki ya Norton yenye injini ya Peugeot.

Mwaka 1911 TT ilihamishiwa kwenye njia ndefu inayopanda mlimani. Wakati ule pikipiki nyingi hazikuwa na gia, na mlima uliwalazimisha watengenezaji kuzibuni. Katika mazoezi ya mwaka huohuo Victor Surridge alianguka karibu na Glen Helen na kufa. Alikuwa mshindani wa kwanza kufa katika historia ya TT.

Historia ya mbio za ridhaa

Kufikia miaka ya 1920 TT ilikuwa imekuwa uwanja wa viwanda. Makampuni yalileta pikipiki maalumu, mafundi na waendeshaji wa kulipwa, na mtu aliyenunua pikipiki yake mwenyewe dukani hakuwa na nafasi kubwa ya kushinda. Manx Motor Cycle Club iliamua kuandaa mbio kwa ajili ya watu hao. Tarehe 20 Septemba 1923 zilifanyika kwa mara ya kwanza chini ya jina la Manx Amateur Road Races. Mshindi alikuwa Len Randles kwa pikipiki ya Sunbeam, akiwa na kasi ya wastani ya maili 52.77 kwa saa (km 85). Alishinda tena mwaka 1924.

Tatizo kubwa la miaka ya mwanzo lilikuwa kueleza ni nani hasa mtu wa ridhaa. Je, fundi aliyefanya kazi katika duka la pikipiki alikuwa mtu wa ridhaa? Na aliyepewa matairi au mafuta bure na mwuzaji? Na aliyeuziwa pikipiki kwa bei nafuu akitarajiwa kuitangaza? Malalamiko yalikuwa mengi kiasi kwamba mwaka 1930 klabu ililegeza masharti, ikaondoa neno la ridhaa na kuyaita mashindano Manx Grand Prix. Jina lilibadilika, lakini lengo la kuwapa nafasi waendeshaji wasio wa kulipwa lilibaki.

Mashindano yalisimama wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia na kurudi mwaka 1946. Baada ya vita kisiwa kilikuwa pia na mbio nyingine za ngazi ya klabu, Clubman's TT, zilizofanyika kuanzia 1947 hadi 1956 kwa pikipiki za kawaida zilizouzwa madukani. Katika miaka yake ya mwisho pikipiki ya BSA Gold Star ilishinda mara nyingi mno, hata mvuto wa mbio ukapungua. Manx Grand Prix ziliendelea. Zilisimama tena mwaka 2020 na 2021 kutokana na janga la UVIKO-19, na mwaka 2022 ratiba yake ilifupishwa kutoka wiki mbili hadi siku tisa.

Kampuni ya Norton iliipa pikipiki yake ya mbio jina la "Manx" kutokana na mashindano haya. Ilikuwa mashine ya injini ya silinda moja iliyouzwa kwa waendeshaji binafsi hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, na hadi leo inatumika katika mbio za pikipiki za kale.

Njia ya Snaefell

Njia ya Mlima Snaefell ina urefu wa maili 37.73 (km 60.72) kwa mzunguko mmoja na kona zaidi ya 200. Huanzia barabara ya Glencrutchery katika mji mkuu wa Douglas. Mara tu baada ya kuanza, mwendeshaji huteremka mlima wa Bray Hill katikati ya nyumba za watu. Njia huelekea magharibi kupitia vijiji vya Union Mills na Crosby, hugeuka kaskazini Ballacraine, hupita bonde lenye miti la Glen Helen na kufika Kirk Michael, ambako barabara nyembamba hukatiza kati ya kuta za nyumba. Kwenye daraja la Ballaugh pikipiki huruka hewani kwa magurudumu yote mawili. Kisha inafuata barabara iliyonyooka ya Sulby, yenye mwendo mkali sana, hadi mji wa Ramsey upande wa kaskazini-mashariki.

Kutoka Ramsey barabara hupanda mlimani. Hakuna miti wala nyumba, na upepo huvuma bila kizuizi. Sehemu ya juu kabisa ya njia iko takriban mita 422 juu ya usawa wa bahari, chini ya kilele cha Snaefell chenye mita 621. Baada ya hapo njia huteremka kupitia Windy Corner na Creg-ny-Baa, hupita kona kali ya Governor's Bridge na kurudi Douglas.

Hali ya hewa ni sehemu ya ugumu wa njia. Jua linaweza kuwaka Douglas huku ukungu ukiwa umeufunika mlima kabisa. Helikopta ya uokoaji ikishindwa kuruka kwa sababu ya ukungu, mbio haziwezi kuanza, na waendeshaji hungoja kwa saa nyingi au huahirishiwa hadi siku nyingine.

Tofauti na viwanja vya kisasa vya mbio, njia hii haina maeneo mapana ya changarawe ya kumpunguzia kasi anayetoka barabarani. Pembeni kuna kuta za mawe, nguzo, miti na kingo za barabara. Vizuizi laini huwekwa kwenye sehemu hatari zaidi, lakini haiwezekani kuzungushia njia yote ya kilomita 60.

Jinsi mbio zinavyoendeshwa

Barabara hufungwa kwa amri rasmi kwa saa zilizotangazwa. Mara zinapofungwa hakuna gari linaloweza kupita wala kuvuka, na wakazi walio ndani ya mzunguko hupanga siku yao kwa kufuata ratiba hiyo. Mazoezi mengi hufanyika jioni ili watu wapate kwenda kazini mchana.

Washindani hawaanzi pamoja kwa kundi kama ilivyo kwenye mbio nyingi za uwanjani. Huachiwa kwa kupishana kwa sekunde kadhaa, na kila mmoja hushindana na saa. Kwa hiyo anayetangulia barabarani si lazima awe anaongoza, na mwendeshaji anaweza kumaliza mbio nzima bila kujua nafasi yake isipokuwa kwa ubao anaoonyeshwa na rafiki yake aliyesimama kando ya njia. Kwa miaka mingi matokeo yalioneshwa mbele ya jukwaa la Douglas kwenye ubao mkubwa ulioendeshwa kwa mikono na vijana wa skauti.

Katika mbio zenye mizunguko mingi ni lazima kusimama kujaza petroli. Katika ngazi ya ridhaa, wanaomjazia mshindani mafuta, kumfutia wadudu kwenye kioo cha helmeti na kukagua matairi mara nyingi ni ndugu na marafiki zake.

Mashindano hayawezi kufanyika bila wasimamizi wa njia. Hawa ni watu wa kujitolea, mamia kwa kila kipindi, wanaosimama kwenye kila sehemu ya mzunguko wakiwa na bendera. Bendera ya njano hutahadharisha kuhusu hatari iliyo mbele, na nyekundu husimamisha mbio. Wakati barabara zimefungwa wasimamizi huwa na mamlaka kama ya polisi, kwa mfano kumwondoa mtazamaji aliyekaa mahali pasiporuhusiwa. Tangu mwaka 1935 wapo pia wasimamizi wanaotembea kwa pikipiki, ambao huwahi kwenye ajali na kukagua hali ya njia. Wengi wao ni washindani wa zamani.

Mgeni anavyojifunza njia

Uwanja wa kawaida wa mbio unaweza kuzoeleka kwa asubuhi moja. Njia ya Snaefell huchukua miaka. Kona nyingi hazionekani mwisho wake, na baadhi zinafanana: moja inaweza kupitwa bila kupunguza mwendo, na nyingine inayofanana nayo ikahitaji breki kali. Anayekosea kujua yuko wapi huenda asipate nafasi ya kurekebisha.

Ili kukubaliwa, mwendeshaji lazima kwanza awe amemaliza idadi inayotakiwa ya mbio kwenye viwanja vingine, kwa kawaida mbio za vilabu, na apate leseni maalumu ya njia hii. Wageni wengi hufika kisiwani miezi kadhaa kabla ya mashindano. Huzunguka kwa gari la kawaida mara kwa mara, kwa kufuata sheria za barabarani, wakiwa na mtu mwenye uzoefu anayewaonyesha alama za kukumbuka: lango la shamba, mti, ukuta mweupe, nguzo. Nyumbani huangalia filamu zilizopigwa kutoka juu ya pikipiki. Mzunguko wao wa kwanza kwenye barabara zilizofungwa huenda nyuma ya kiongozi kwa mwendo uliodhibitiwa, na katika mazoezi ya mwanzo huvaa fulana za rangi ya machungwa ili wenzao wawatambue.

Mwaka 1978 zilianzishwa mbio maalumu za wageni ndani ya Manx Grand Prix. Tangu hapo mtu anayekuja kwa mara ya kwanza anaweza kushindana na watu wa uzoefu ulio sawa na wake, badala ya kujaribu kuwafukuza wanaoijua njia kwa moyo.

Washindani mashuhuri

Geoff Duke alishinda mbio kuu za Manx Grand Prix mwaka 1949, akashinda TT mwaka uliofuata, na baadaye akapata mataji sita ya dunia. Phil Read alishinda mwaka 1960 na kufikia mataji saba ya dunia. Carl Fogarty, bingwa wa dunia mara nne wa mbio za Superbike, alishinda mbio za wageni mwaka 1985. Ian Hutchinson alishinda mbio za wageni mwaka 2003, na mwaka 2010 akawa mtu wa kwanza kushinda mbio tano za TT katika wiki moja.

Mwaka 2009 Carolynn Sells alishinda mbio za daraja la Ultra Lightweight akiwa na pikipiki ya Yamaha. Alikuwa mwanamke wa kwanza kushinda mbio za pikipiki za mtu mmoja kwenye njia ya Snaefell.

Majina hayo ni machache kati ya maelfu. Washindani wengi hawakuwahi kuwa na tegemeo la ubingwa. Ni mafundi, wakulima, waashi, walimu au wastaafu wanaotumia likizo yao ya mwaka na akiba yao kununua matairi, kulipa ada na nauli ya feri. Hulala ndani ya gari au hemani katika eneo la maandalizi nyuma ya jukwaa, ambako kila mmoja huazima kifaa kwa jirani yake, hata yule atakayeshindana naye siku inayofuata.

Pikipiki za kale

Mwaka 1983 mbio za pikipiki za kale ziliingizwa kwenye ratiba. Ziliwavutia watu wanaotunza mashine za miaka iliyopita na waliotaka kuzisikia tena kwenye barabara zilizozipatia umaarufu. Kuanzia 2013 mbio hizo ziliendeshwa kwa jina la Classic TT sambamba na Manx Grand Prix, na mwaka 2022 zilirudishwa chini ya jina la Manx Grand Prix. Baadhi ya wataalamu wa TT hushiriki katika madaraja haya, jambo linalofufua lile swali la miaka ya 1920 kuhusu nafasi ya mtu wa ridhaa.

Safari za mashabiki

Watazamaji wengi huja kwa pikipiki, mara nyingi wakiwa kundi la marafiki au wanachama wa klabu. Husafiri kutoka Uingereza, Ireland, Ujerumani, Ufaransa na kwingineko hadi bandari kama Heysham au Liverpool, kisha huvuka kwa feri ya Isle of Man Steam Packet Company, iliyoanzishwa mwaka 1830. Safari kutoka Heysham huchukua karibu saa nne. Ndani ya meli pikipiki hupangwa kwa safu na kufungwa kwa kamba ili zisianguke mawimbi yakiwa makubwa. Nyumba za wageni hujaa mapema, hivyo wengi hupiga kambi au hupokewa katika nyumba za wakazi waliosajiliwa kwa kazi hiyo.

Kwa kuwa njia ya mbio ni barabara ya umma, mgeni anaweza kuizunguka kwa pikipiki yake mara inapofunguliwa. Hapo ndipo penye kishawishi. Nje ya miji na vijiji sehemu nyingi za kisiwa hazina kikomo cha mwendo, na baadhi ya wageni husahau kwamba barabara sasa ina magari, malori na watembea kwa miguu. Wengine wamezoea kuendesha upande wa kulia, ilhali kisiwani watu huendesha upande wa kushoto. Wageni wamekufa katika ajali za namna hiyo. Wakati wa TT barabara ya mlimani kutoka Ramsey huwa ya upande mmoja ili kupunguza migongano ya uso kwa uso. Vilabu vyenye uzoefu hupanga safari zao kwa mwendo wa yule aliye mwanagenzi kuliko wote, na hukubaliana mahali pa kusubiriana badala ya kufukuzana.

Mila moja hufuatwa na washindani na mashabiki pia: wanapovuka Daraja la Vibwengo kwenye barabara ya kutoka Douglas kwenda Castletown, huwasalimu vibwengo wanaosemekana kuishi pale. Wengi huicheka mila hiyo, lakini ni wachache wanaothubutu kupita kimya kabla ya mbio.

Ajali na mjadala

Tangu 1911 zaidi ya washindani 260 wamekufa kwenye njia ya Snaefell katika mazoezi na mbio za TT na Manx Grand Prix. Mwaka 1972 Gilberto Parlotti kutoka Italia alikufa katika TT, na bingwa Giacomo Agostini akatangaza kwamba hatashindana tena kisiwani. Wengine walimfuata, na baada ya 1976 TT iliondolewa katika mbio za ubingwa wa dunia. Mwaka 2022 watu sita walikufa katika TT moja.

Wapinzani husema kwamba hakuna mchezo unaostahili gharama hiyo, na kwamba vifo huwaachia mzigo wajane, yatima na wasimamizi wa kujitolea wanaofika kwanza kwenye ajali. Kwa mbio za ridhaa huongeza kwamba mshindani halipwi chochote na huenda akawa na uzoefu mdogo. Watetezi hujibu kwamba hakuna anayelazimishwa, kwamba kila mshindani huijua hatari kabla ya kutia sahihi, na kwamba ni afadhali mtu ajifunze njia hatua kwa hatua katika Manx kuliko kuingia moja kwa moja kwenye TT yenye pikipiki za nguvu zaidi. Tofauti ya mwendo ni kubwa: rekodi ya mzunguko katika TT, iliyowekwa na Peter Hickman mwaka 2023, ni wastani wa maili 136.358 kwa saa (km 219.45).

Hatua za usalama zimeongezeka kwa miaka. Helikopta ilitumika kwa uokoaji kwa mara ya kwanza katika TT ya 1963. Mfuko wa Rob Vine, unaobeba jina la mshindani aliyekufa mwaka 1985, hununua vifaa vya tiba kwa ajili ya njia, na klabu ya mashabiki wa Manx Grand Prix huchangisha fedha kwa ajili ya helikopta ya uokoaji. Katika miaka ya karibuni zimeongezwa taa nyekundu za kielektroniki za kusimamisha mbio na vifaa vya GPS vinavyoonyesha kila pikipiki ilipo. Hatua hizo zimefupisha muda wa kumfikia aliyeanguka. Kuta na nguzo, hata hivyo, zimebaki palepale, kwa sababu njia ya mbio ni barabara ambayo Jumatatu watu wa kisiwa huitumia kwenda kazini.